Ukuta wa Njano

Posa ilikuwa Jumamosi, na tangu wiki ilipoanza Kibanio hakuwa na mikono ya kazi. Aliunguza kola, akatia wanga kwenye soksi, akamfungashia mwalimu suruali ya polisi. Mama yake alivumilia mpaka Jumatano asubuhi, kisha akamsukuma kwa bega kutoka kwenye meza ya pasi.

"Nenda kampelekee huyo mtu wako chai," alisema. "Ukibaki hapa wateja watatembea uchi."

"Mama jamani!"

"Nenda. Nenda kabla sijabadili nia."

Kibanio alicheka, lakini aliitafuta chupa ya chai haraka haraka, maana mama yake hakuwa mtu wa kufanyia mzaha jambo hilo. Mwaka mzima alikuwa amesema hapana. Hapana asubuhi, hapana jioni, hapana mbele ya shangazi, mtu aliyejaliwa mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Kisha siku moja, katikati ya kukunja mashuka, bila kuulizwa na mtu, alisema, "Waje." Neno moja tu. Shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Mama yeye aliendelea kukunja mashuka.

Kibanio alipita ukumbini akiinamisha kichwa chini ya nguo zilizoanikwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao, na mji mzima uliwatania kwayo: nguo za rangi zilianikwa juu ya paa, juani, lakini nyeupe zote zilikauka ndani, gizani, zikichukua siku mbili pale ambapo jua lingemaliza kazi kabla ya adhuhuri. Dobi anayeogopa jua, wateja walisema. Mama alikuwa na jibu moja tu la miaka yote. Vumbi.

Njia ya kwenda mtoni ilikuwa mteremko mtupu. Kibanio aliteremka akiwa amekumbatia chupa, akipita duka la vitabu, benki, fundi saa, mpaka barabara ikaishia na uwanja ukafunguka mbele yake. Ulikuwa bado na harufu ya saruji mbichi. Mabenchi yalikuwa yamefunikwa karatasi za nailoni, chemchemi ilikuwa haijatiwa maji, na zile ngazi pana za mawe zilishuka moja baada ya nyingine mpaka ndani ya mto, mahali ambapo zamani watu walishukia kivuko. Maana hapo ndipo mji ulipoanzia. Kabla ya daraja, kila gunia, kila bibi harusi, kila maiti aliyerudishwa kwao alipitia gati hili. Pembeni yake kulikuwa na maghala, na nyuma ya maghala kulikuwa na nyua za madobi, waliofua kwenye ngazi hizo hizo alfajiri kabla abiria hawajaamka. Daraja lilipojengwa gati lilikufa, nyua zikavunjwa, mahali pakawa jalala la miaka mingi. Sasa walikuwa wamepasafisha na kupatandika mawe ili watu waje kupunga upepo. Kitu kimoja tu cha zamani walikiacha kimesimama: kipande cha ukuta wa njano, kirefu, kilichochubuka rangi, kikitazama mto.

Kwenye ukuta huo vilikuwa vimebandikwa vibao vya mawe meusi, na mbele ya kibao cha mwisho, juu ya ngazi fupi ya mbao, alikuwa amesimama mwanamume aliyemnyima usingizi.

"Usiseme neno," alisema bila kugeuka. "Niko kwenye S."

Kibanio akabana mdomo. Mji mzima ulimwita Tindo, kwa sababu ya kile chuma cha kuchongea mawe ambacho hakikumtoka mkononi, na Tindo alikuwa na masharti yake. Kwenye herufi zilizonyooka alizungumza, hata aliimba. Kwenye herufi zenye mgongo alinyamaza kama yuko msikitini au kanisani, maana kuteleza kidogo tu kulitosha kuharibu kibao kizima. Kibanio aliutazama mgongo wake, shati lililolowa jasho chini ya mabega, namna alivyolisogelea jiwe na kulipuliza vumbi taratibu. Alifikiri kwamba baada ya Jumamosi hakuna atakayemwuliza anatazama nini.

"Haya, sasa sema."

"Umejuaje ni mimi?"

"Sabuni." Akageuka. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na chini ya vumbi macho yalikuwa mekundu. "Ukipita njia unaacha mji umefuliwa."

Siku nyingine angecheka mwenyewe kwa utani wake. Leo hakucheka. Aliteremka, akachukua chupa, akaikumbatia bila kuifungua.

"Una nini?" Kibanio aliuliza. "Mama yako amesemaje? Atakuja?"

"Atakuja. Jana ametoa gauni lake sandukuni, kalikung'uta, kalirudisha, kalitoa tena. Unajua hajavuka mto tangu kesi ya mzee. Nilipomwambia mama yako mwenyewe ndiye aliyesema waje, alilia. Akaniambia, kumbe mtu anaweza kusamehewa."

Kibanio alimsogelea. "Basi mbona uso umekuwa hivyo?"

Tindo alinyoosha kidole kwenye kibao. Nusu ya juu ilikuwa imeshachongwa, majina ya watu waliozama na kivuko, yakiwa yamepangwa vizuri. Nusu ya chini msimamizi wa uwanja alikuwa ameiandika kwa chaki, tayari kwa tindo. Kibanio akasoma kwa sauti ndogo. *Kivuko kilizama kwa uzembe wa nahodha.*

"Hapana," akasema. "Kataa. Hawajui wewe ni mtoto wake?"

"Wanaijua karakana yangu. Ni mtoto wa nani, hawakuuliza. Nikikataa atakuja mwingine, na huyo mwingine atachonga hovyo." Alijaribu kutabasamu. "Angalau mzee atukanwe kwa herufi nzuri."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Mji wote unajua. Nahodha aliona alama nyekundu, akadharau, akaingia kwenye mafuriko na watu wote wale. Wewe mwenyewe umelala na kuamka na habari hiyo. Mwaka mzima mama yako amekunyima mimi kwa sababu yake."

Kibanio alimshika mkono. Ulikuwa mgumu, na ulikuwa wa baridi.

"Yeye alisemaje?" aliuliza. "Hujawahi kuniambia."

Tindo alitazama mto. Maji yalikuwa yametulia siku hiyo, ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo ya pili nyumba ndogo za bati zilimetameta juani.

"Alisema neno moja mpaka anakufa. Niliona nyeupe. Mahakamani, niliona nyeupe. Wakimnyima kazi, niliona nyeupe. Nilikuwa mtoto, nakaa naye pale ng'ambo jioni, watu wanapita wanamtemea mate karibu na miguu, yeye anaangalia huku. Anasema, mwanangu, niliona nyeupe."

"Nyeupe ndiyo nini?"

"Ndiyo alama yao. Mlinzi wa gati alikuwa na vitambaa viwili. Nyekundu, ngoja. Nyeupe, gati liko wazi, njoo. Siku ile huku kulikuwa na jua kali, mvua ilinyesha huko juu milimani. Maji yalikuja ghafla na magogo. Mlinzi akapandisha nyekundu. Wote waliokuwa hapa waliiona nyekundu mlingotini. Ila hakukuwa na upepo, ikaning'inia tu, na mzee hakuiona. Alichoona ni nyeupe, kubwa, upande wa kushoto wa mlingoti, juu ya ukuta wa njano. Akasema basi, mlinzi amehamia kule. Akang'oa nanga." Alinyanyua uso, akauangalia ukuta mpaka juu. "Ukuta wenyewe huu. Nimepanda kuutazama. Kuna ndoano za chuma zimeshika kutu, zimejipanga mstari mzima. Nikajiambia labda ziliwekwa taa. Mzee masikini. Labda aliona taa, au jua lilimchezea macho."

Kibanio naye alitazama juu. Ndoano zilikuwepo. Alizijua.

Alizijua kabla hajaziona, maana alilala akisimuliwa habari zake. Alipokuwa mdogo, akimng'ang'ania mama yake gauni kiasi cha kupewa jina la Kibanio, mama alimpumbaza kwa hadithi za uani kwao, gatini, enzi za usichana wake: ukuta wa njano, kamba ya mbele kwenye ndoano zake na kamba ya nyuma ndani ya ua, na bibi mkali aliyekuwa akipita na kijiti. Rangi mbele, nyeupe nyuma! Rangi mbele, nyeupe nyuma! Kibanio alikuwa akiuimba wimbo huo akiruka kamba. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Na mama, ambaye duka lake lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka hapa, hakuwahi kukanyaga uwanja huu hata kwa bahati mbaya.

"Kibanio? Umekuwaje?"

"Jua," alisema. "Nimesahau pasi motoni."

Alipanda ule mteremko akikimbia, na nyuma yake Tindo alimwita mara moja tu.

*

Mama alikuwa anapiga pasi foronya. Alimsikia binti yake akiingia, akihema, akisimama mlangoni, na hakunyanyua uso.

"Mbona mapema? Mmegombana?"

"Mama, kule gatini, kwa nini nyeupe zilianikwa nyuma?"

Pasi ilisimama. Ilisimama muda mrefu, mpaka harufu ya nguo kuungua ikaanza kupanda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Kibanio alimwona mama yake akiharibu nguo ya mteja.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Mama aliisimamisha pasi wima, akakikunja kile kitambaa kilichoungua, akakiweka pembeni. Aliketi. Aliangalia zile shuka zilizojaa ukumbini.

"Kamba ya nyuma ilikatika," alisema. "Zilikuwa shuka za hospitali, wanazitaka jioni. Mama yangu alikwenda sokoni. Nikasema nizianike mbele, kidogo tu, jua lenyewe kali, zitakauka kabla hajarudi."

"Na ulipoona kivuko kinakuja?"

"Kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa." Sauti yake ilikuwa tambarare, ya mtu anayesoma jambo alilolikariri. "Watu wote wamekimbilia majini wanapiga kelele. Mimi nikaanua. Nikazianua zote, nikazitia kwenye karai la maji, nikaketi juu ya karai. Walipokuja kuuliza nani kaona nini, hapakuwa na nyeupe."

"Na yule baba akahukumiwa."

"Akahukumiwa."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe. Nikasema kesho nitasema. Ukiipisha kesho ya kwanza, mwanangu, zile nyingine zinapita zenyewe."

Kisha jambo jingine likamjia Kibanio, likamkata maini kuliko lile la kwanza.

"Ulikataa mwaka mzima. Kwa nini ulikubali?"

Mama alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, nayo yalikuwa yamechoka sana.

"Nilikataa kwa sababu kila nikimwona yule kijana namwona baba yake. Kisha nikawaza, yule mama nilimnyang'anya mume. Nimnyime na mkwe? Nikasema nimpe kitu changu kilicho kizuri kuliko vyote. Atazeeka akipikiwa na wewe. Wajukuu watakuwa wetu sote."

"Mimi si fidia, mama!"

"Najua."

"Nilidhani umenipenda. Nilidhani umeona ninavyompenda, moyo wako umelainika. Mwaka mzima nimeomba unione."

"Nimekuona." Mama aliinuka, akaja kumshika mashavu kwa viganja vyake vyenye moto wa pasi. "Nimekuona, ndiyo maana nakuomba. Jumamosi si mbali. Nyamaza. Mzee ameshakufa, maneno hayatamfufua. Wewe uko hai, na kijana yuko hai. Nyamaza, uolewe, nami nitalibeba mpaka kaburini. Nimelizoea."

Na hapo, msomaji, usifikiri Kibanio alikuwa malaika. Alilala na ombi hilo, akaligeuza huku na huku, akaliona tamu. Nani angejua? Ukuta hausemi. Aliwaza gauni, akawaza kope zile zenye vumbi, akawaza mama wa watu ng'ambo akikung'uta nguo zake za sandukuni. Alikuwa ameshakubali kunyamaza, kwa kweli. Kulipopambazuka alinawa uso, akajaza chupa ya chai, akajipa moyo kwamba anakwenda kumsalimia mchumba wake tu.

*

"Niko kwenye U," alisema Tindo. "Mgongo wake ni wa chini tu. Ngoja."

Kibanio aliona yuko kwenye neno gani. *Kivuko kilizama kwa.* Yote hayo yalikuwa yameshachongwa, na tindo ilikuwa imewekwa kwenye herufi ya kwanza ya uzembe. Tindo alikuwa anamchonga baba yake kwa mkono wake mwenyewe, ili mtu mwingine asimchonge vibaya, na hakuwa na mtu wa kumwambia acha.

"Zilikuwa shuka," alisema Kibanio.

Nyundo ilikuwa imeshashuka. Ile tindo iliteleza, kipande cha jiwe kikaruka, na kwenye kibao pakabaki kidonda kidogo cheupe, upana wa ukucha.

"Nini?"

"Baba yako aliona nyeupe. Zilikuwa shuka za hospitali, kwenye ndoano hizo. Ulikuwa ua wa kina bibi yangu. Mama ndiye aliyezianika, na kivuko kilipopinduka alizianua, akazitia kwenye karai, akaketi juu yake. Nimejua jana, naapa, hapa hapa, ulipokuwa unaniambia. Nilikwenda kumwuliza."

Tindo aliteremka ngazi. Aliteremka taratibu, akiangalia anapokanyaga, kisha akaketi kwenye benchi juu ya karatasi ya nailoni, nayo ikapiga kelele chini yake. Wafagiaji walipita na mifagio yao mirefu, wakamsalimia, hakuitikia.

"Hakuwa anadanganya," alisema mwishowe.

"Hakuwa anadanganya."

"Hata mimi nilidhani anadanganya. Unasikia? Nilimpenda, nilimshika mkono, na moyoni nikasema mzee wangu muongo." Alifunika uso. Mabega yakaanza kumtikisika, na Kibanio akapiga magoti mbele yake, akamshika viwiko, maana viganja havikuachia uso. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Mama yako alijua tulipokuwa tunaishi?"

"Alijua."

"Alijua mzee anatemewa mate? Alijua amekufa hana mzikaji?"

Kibanio aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamdondokea Tindo magotini.

"Unanichukia?" aliuliza.

"Wewe?" Tindo alimwinua uso kwa vidole viwili, akamtazama kama mtu anayekariri. "Ungenyamaza ningekuoa Jumamosi, nikafa nimefurahi. Umekuja kuniambia. Ningekupendaje zaidi ya hivi? Niambie, ningekupendaje?"

"Basi tuondoke. Mimi na wewe. Mji si huu peke yake."

"Na mama yangu?"

"Tutakwenda naye."

"Nikamwambie nini? Nikimwambia kweli, hatavuka, wala mimi sitamwomba avuke. Hawezi kula mezani kwa aliyekaa juu ya karai. Na nikimficha..." Sauti ilimkatika, akaitafuta tena. "Nikimficha, Kibanio, nitakuwa nimeianua ile shuka mara ya pili. Kwa mkono wangu."

"Mimi sikuianika."

"Najua."

"Sikuwa hata nimezaliwa!"

"Najua, mpenzi. Najua." Alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka vumbi la mawe likamwachia alama kwenye gauni. Kibanio alimng'ang'ania, akalikamata shati lake mgongoni kwa ngumi zote mbili, namna ile ile aliyokuwa akimng'ang'ania mama yake utotoni, na ilibidi Tindo azifungue ngumi hizo yeye mwenyewe, kidole baada ya kidole.

"Nenda nyumbani," alisema. "Nina herufi za kumaliza."

*

Jumamosi shangazi alifika mapema akiwa amejifunga kilemba cha kupokelea wafalme. Aliuliza viti viko wapi, akauliza mbona kimya, akauliza tena, kisha alipoitazama sura ya wifi yake aliketi na kukifungua kilemba polepole. Mama alikuwa amevaa nguo zake nzuri. Alikaa kwenye kiti kilichotazama mlango tangu asubuhi, mikono mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Hakuna aliyekuja.

Mchana Kibanio aliteremka mtoni. Uwanja ulikuwa umefunguliwa. Watoto walikimbia kuzunguka chemchemi, watu walipiga picha kwenye ngazi, na muuza aiskrimu alikuwa amepata pa kusimama. Mbele ya ukuta wa njano msimamizi alikuwa amesimama anakuna kichwa.

"Nilimwandikia maneno mengine kabisa," alimwambia Kibanio, akidhani ni mpita njia. "Kafunga kazi, kavunja ngazi yake, kaondoka na mama yake tangu jana. Jirani anasema wamehama. Sasa hii nyeupe ni nini? Nyeupe ipi?"

Kibanio alisogea. Majina yalikuwa pale pale. Chini yake lile neno la uzembe halikuwepo. Tindo alikuwa amelishusha jiwe la chini ya majina kwa unene wa kidole ili kufuta yaliyotangulia, na katika ule uwanda mpya alichonga mstari mmoja tu, herufi zenye mgongo na zilizonyooka, zote zikiwa safi kuliko zozote alizowahi kuchonga. *Nahodha aliona nyeupe.* Hakutaja shuka. Hakutaja ua wala mtu. Pembeni, mahali ambapo angeweza kusawazisha, alikiacha kile kidonda cha jiwe upana wa ukucha. Kibanio alitia kidole chake humo, kikaenea.

Alirudi nyumbani bila kulia, na hilo ndilo lililomtisha shangazi. Aliingia ukumbini, akachukua shuka moja kubwa, bado mbichi, akapanda nayo juu ya paa. Kutoka pale mto ulionekana wote, na ng'ambo, na nyumba za bati. Aliondoa nguo za rangi kwenye kamba ya mbele, akaikung'uta shuka mara mbili, akaianika.

Alisikia hatua kwenye ngazi. Mama alitokea, akihema, katika nguo zake nzuri. Alipoiona ile nyeupe juani alishika ukuta kwa mkono. Kibanio hakugeuka. Alingoja aambiwe kuhusu vumbi.

"Wamehama," alisema. "Hayupo wa kuiona."

Mama alikuja mpaka kwenye kamba. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka mtoni, na pembe moja ya shuka ilikuwa inapigapiga. Aliishika, akaichomeka kibanio, akahakikisha kimeuma.

"Iache," alisema.

Walisimama wote wawili wakitazama ng'ambo mpaka nyumba za bati zikaacha kumetameta. Shuka ilikuwa imekauka zamani. Hakuna aliyeianua.